Kahawa Iliyowekwa Chini

Mwoga? La, usimseme hivyo. Sleyum bin Amur hakuwa mwoga, na aliyekwambia hivyo kayaokota maneno uwanjani, na uwanjani watu walikuwa wakitazama mpira tu. Habari yenyewe ilikuwa kwa mkewe, Shukriya, na Shukriya hakuwa mtu wa kusemasema. Basi kaa vizuri. Hatuanzi mbali, tunaanza ile asubuhi ya kufuli.

Asubuhi hiyo, pale Ibra, ndani huku Omani, Shukriya alitoka uani na kikapu chake kwenda kwa muuza samaki, yule aliyekuwa akija na pikapu kutoka Sur, pwani, samaki kawalaza kwenye barafu. Akalisukuma geti, halifunguki. Akalisukuma kwa bega, bati likalia, geti lile lile. Akachungulia kwenye upenyo. Kufuli! Kubwa, la shaba, jipya linang'ara, limepitishwa kwenye pete za nje. Mtu kaja alfajiri kawafungia ndani kama mbuzi.

"Kuna nini?" akauliza mama mkwe wake, Bi Tamima, aliyekuwa barazani anachagua mchele.

"Tumefungiwa, mama."

"Nani katufungia?"

"Watu wa mpira."

Bi Tamima akaupeta mchele wake mara moja, akapuliza makapi. "Basi wametuheshimu. Kufuli la shaba! Wangeweza kutufunga kwa kamba."

Shukriya hakucheka. Nje watoto walikuwa washakusanyika wanaimba, "Bwana Kufuli! Bwana Kufuli!" Na Bwana Kufuli ndiye mumewe, mudarrib wa hoki. Mudarrib ndiyo kocha, ndivyo wanavyomwita huku. Hoki ya uwanjani hii, ya magongo, ambayo Sleyum aliicheza Unguja ujana wake mpaka jina lake likajulikana mji mzima. Klabu moja ya Ibra, Nadi ya Nakhla, ikamchukua kutoka Maskati mwaka wa themanini na tatu, ikampa mshahara na nyumba hiyo yenye geti la bati. Watu wakafurahi. Wakasema safari hii wa Sur watatuona.

Msimu ukaanza, Sleyum akawapanga wachezaji wake wote nyuma. Wote! Mbele akamwacha mmoja tu, Talib, amesimama peke yake kama mtu aliyeshushwa njiapanda ya Bidbid akaambiwa asubiri gari. Mpira ukipatikana unapigwa pembeni. Ukirudi unapigwa tena pembeni. Hawafungwi mengi, hilo kweli, moja, pengine hakuna. Lakini na wao hawafungi. Watu wanaacha mashamba yao, wanakuja kukaa juu ya mawe na jua lile, wanarudi makwao sauti zimewakauka na hawakuona hata goli moja la kuhadithia. Ndipo raisi wa nadi, Marzouq, alipomwambia Sleyum mbele za watu, sokoni, bila hata kumvuta pembeni: "Mechi ya Sur ndiyo ya mwisho. Ukirudi umefungwa, nyumba nampa mudarrib mwengine."

Basi hapo ndipo walipokuwa siku ile ya kufuli.

Mwana wao wa pekee, Nadhir, akaruka ukuta, akaenda kuazima msumeno wa chuma kwa jirani yao Hamda. Akakaa nje anakata, watoto wamemzunguka. Huyu Nadhir ndiye aliyekuwa kipa.

"Bibi harusi!" mmoja akamwita. "Bibi harusi katoka ndani leo!"

Ndilo jina walilompa yeye. Kwa sababu amefichwa, amewekewa watu tisa mbele yake, hakuna mpira unaomfikia. Nadhir akakata kwa hasira mpaka msumeno ukamteleza.

"Mama," akasema kutoka huko nje, sauti chini. "Unajua wanasemaje? Wanasema baba hafungi mlango wa timu, anafunga mlango wa mwanawe. Wanasema kaharibu nadi nzima kwa ajili yangu."

Shukriya alikuwa ameshika geti kwa ndani, bati likimtetemeka mikononi. Hakujibu.

Kwa nini hakujibu? Kwa sababu ilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyeitaka. Mwanzo wa msimu walikwenda kucheza Manah, uwanja wa kokoto kama wa Ibra, hauna jani. Mpira wa hoki mgumu kama jiwe, ukigonga kokoto haujulikani utarukia wapi. Ukamrukia kipa wa wakati huo, kijana anayeitwa Mahrous, ukamvunja taya. Shukriya alikwenda kumtazama hospitali Nizwa. Akamkuta kafungwa waya mdomoni, anakunywa maziwa kwa mrija, na mama yake kakaa pembeni anamfuta kidevu kama mtoto mchanga. Na aliyetiwa golini badala ya Mahrous ni Nadhir. Shukriya akarudi nyumbani, hakuvua hata buibui. Akamwambia mumewe, "Niapie mipira haitamfikia mwanangu." Sleyum akasema, Shukriya, ni mchezo huu. Akamwambia, "Niapie." Akaapa.

Sasa mtu aliyeapa hivyo atafanya nini? Atawaweka wote nyuma.

Kufuli lilipokatika Shukriya akaenda sokoni. Muuza samaki akampimia jodari, akamtazama na jicho la kucheka. "Mama Nadhir, samaki wa Sur hawa, wamezoea kwenda mbele. Utawaweza?" Waliokuwa pale wakacheka. Shukriya akalipa, akachukua samaki wake, akafika nyumbani ndipo akaona kuwa hakungoja chenji.

*

Baada ya siku chache, baada ya sala ya alasiri, wakaja wageni. Watu watano, vilemba vizuri, bakora mkononi. Mbele yao Khalaf, dereva wa gari la maji, na huyo ndiye aliyekuwa mwenye sauti kubwa kuliko wote uwanjani. Khalaf mzaliwa wa Ibra, lakini ujana wake alikwenda Pemba kwenye karafuu, kwa hiyo Kiswahili anakijua, kile Kiswahili cha Wamanga, kinapanda na kushuka. Nyuma yake mzee Thabit, ambaye hasemi ila akiulizwa, na wengine watatu wa mtaani.

Sleyum akawakaribisha ndani, akawakalisha kwenye mazulia. Shukriya akaleta dele la kahawa na tende mpaka kwenye pazia, Nadhir akapokea. Cha kwanza akamiminiwa Khalaf. Khalaf akakipokea kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele yake. Akamiminiwa Thabit, akakiweka chini. Wote watano hivyo hivyo. Vikombe vimekaa juu ya zulia, vinatoa moshi, hakuna anayegusa.

Nyuma ya pazia Bi Tamima akamfinya Shukriya. "Umetia nini?"

"Hiliki, mama. Kama siku zote."

"Mbona hawanywi? Umekosha dele kwa sabuni hukulisuuza."

"Nimelisuuza!"

"Basi wameona kinyaa. Wamanga hawa wana kinyaa. Ya Allah, tumeaibika."

Shukriya akaenda jikoni, akainusa kahawa iliyobaki, akaionja, haina kitu. Akarudi kuchungulia. Vikombe palepale.

"Ya Sleyum," akasema Khalaf, "sisi tumekuja na haja kwako."

"Karibuni, hapa kwenu."

"Haja yetu unaijua."

"Naijua," akasema Sleyum. Ataacha kuijua vipi, na anatukaniwa kila siku? Akaona kikombe cha mzee Thabit kinapoa, akaona haya kama mtu yeyote wa Unguja anavyoona haya mgeni asipokunywa kwake. Akajisogeza mbele, akanyoosha mikono yote miwili. "Lakini kunyweni kwanza, jamani. Kunyweni kahawa yenu. Tafadhalini, msiniaibishe ndani ya nyumba yangu, kunyweni!"

Wale watano wakatazamana. Khalaf akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua gunia. Kisha wakanyanyua vikombe vyao pamoja, wakanywa mara moja, wakavitikisa kuwa imetosha, wakasimama. Mzee Thabit akamvuta Sleyum akambusu bega. Khalaf akamshika mkono na asiuachie.

"Allah akubariki, ya mudarrib. Wewe mwanamume."

Wakaondoka. Tende hawakuzigusa.

Sleyum akabaki mlangoni. "Watu wa ajabu," akamwambia Shukriya. "Wamekuja na haja, hawakuisema, wameondoka wamefurahi."

"Basi kahawa ilikuwa nzuri," akasema Bi Tamima.

*

Asubuhi ya pili mji ulikuwa umebadilika. Muuza mkate alimpa Shukriya mkate wa juu, wa moto. Watoto hawakuimba. Mwanamke asiyemjua alimpungia mkono kutoka juu ya dari. Shukriya akaogopa kuliko siku ya kufuli. Akaenda kwa Hamda.

Hamda huyu naye mzaliwa wa Ibra, aliolewa Tabora akakaa huko miaka, akarudi na mumewe na Kiswahili chake cha bara na mtindo wake wa kusema jambo moja kwa moja. Alikuwa anafua.

"Hongera," akasema. "Mumeo ametoa neno."

"Neno gani?"

"Si amekubali timu itakwenda mbele? Mji mzima unasema."

"Hamda, mimi nilikuwepo nyuma ya pazia. Hakukubali kitu. Kawaambia wanywe kahawa."

Hamda akaiacha nguo kwenye beseni. Akamtazama, akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Shukriya, akaacha.

"Waliiweka chini? Kikombe, waliweka chini?"

"Waliweka chini."

"Shukriya, dada yangu. Huku mtu akija kwako na haja nzito, haombi. Anaweka kikombe chini, anakaa. Ukimwambia kunywa kahawa yako, maana yake umeshampa anachotaka. Hapo habari imekwisha. Ukirudi nyuma baada ya hapo, hata mbwa hakuamini."

"Na ukiwa hutaki kumpa?"

"Unanyamaza. Kahawa inapoa. Akichoka anaondoka hajanywa, na hiyo aibu mnagawana. Watu wa Unguja hamkufundishwa hili?"

"Sisi mgeni tunamwambia anywe, Hamda. Tutamwambiaje? Asinywe?"

Akarudi nyumbani akamkuta Sleyum anafunga utepe kwenye mpini wa gongo. Akamweleza yote. Sleyum akasikiliza, utepe mkononi.

"Mimi nimewaambia wanywe kahawa!"

"Ndiyo ulivyokubali."

"Kahawa, Shukriya! Kahawa!"

Akasimama, akakaa, akasimama tena. Akaenda mpaka mlangoni akarudi. "Nitakwenda kwa Khalaf. Nitamwambia sikujua. Nitamwambia neno hilo nilishampa mtu mwengine kabla yake."

"Na atasemaje?"

"Atasema Wazinjibari hawa, ndivyo walivyo. Si washasema? Watasema tena." Akajaribu kutabasamu. "Marzouq atachukua nyumba yake, sisi turudi Maskati kwa dada yangu, tulale sebuleni kama zamani. Mama atalalamika. Lakini kwako niliapa, kwao nilimimina kahawa. Havilingani."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Sleyum. Mtu wa namna hiyo watu wakimwita mwoga, wewe utafanya nini?

Shukriya akaenda uani. Nyuma ya nyumba Nadhir alikuwa anaupiga mpira ukutani, unarudi, anauzuia kwa mguu, anaupiga tena. Pedi zake kuukuu zimeshonwa kwa uzi wa magunia, na huo uzi Shukriya mwenyewe ndiye aliyeushona. Akasimama pembeni. Mpira ukagonga jiwe, ukaruka, Nadhir akaudaka na mkono karibu na uso. Kijana hata hakupepesa macho.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona. Nadhir, huogopi?"

"Naogopa. Nani haogopi?" Akauokota mpira, akaufuta na kanzu. "Lakini mama, tangu nitiwe golini sijajua kama mimi kipa au si kipa. Nasimama tu, natazama migongo ya watu. Mahrous alivunjwa taya, lakini akipita sokoni anaitwa kipa. Mimi bibi harusi."

Shukriya akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamtazama mwanawe anapiga mpira mpaka jua likasogea kwenye ukuta. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya mumewe.

"Kiapo changu nakurudishia."

Sleyum akainua uso. "Shukriya, usiseme kwa ajili ya nyumba."

"Sisemi kwa ajili ya nyumba. Nililitaka neno lile nikiwa nimetoka kumwona mtoto wa watu na waya mdomoni, na nilikuwa na haki. Sasa nakurudishia, na haki ninayo vilevile. Nendeni mbele. Lakini na mie nakuja Sur."

"Wanawake hawaji mpirani."

"Sitoki garini. Lakini nakuja."

*

Mume wa Hamda aliwachukua na gari lake, Hamda mbele, Shukriya nyuma. Njia ya Sur siku hizo si hii ya leo, walifika wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari likasimamishwa ncha ya uwanja, kioo kimefunguliwa kidogo. Nje ya mstari watu wa Sur wamejaa, na upande wa pili wa Ibra wachache waliokuja na malori. Khalaf kapanda juu ya tangi la gari lake la maji, miguu inaning'inia. Marzouq kaletewa kiti.

Firimbi ikalia. Sleyum alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono nyuma. Mpira ulipofika kwa beki wake, beki akafanya kama alivyozoea, akataka kuupiga nje. Sleyum akapiga ukelele ambao Shukriya hajausikia kwake tangu waoane.

"Nenda! Nenda nao! Nendeni nyote!"

Beki akamtazama kama hakusikia vizuri. Kisha akaenda. Akavuka mstari wa kati kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi, anageuka nyuma kila hatua. Na wenziwe wakamfuata. Wa Sur hawakutegemea. Mpira ukaenda kulia, ukarudi kati, ukamkuta Talib, yule wa njiapanda, na safari hii gari lake limekuja. Akaupiga. Goli!

Khalaf alivua kilemba, akakipeperusha, nusura aanguke kwenye tangi. Watu wa Ibra walilia, nakwambia walilia, watu wazima wenye ndevu. Hamda akapiga kigelegele ndani ya gari, mumewe akamwambia nyamaza, akapiga cha pili.

Lakini ukitoka nyumbani na watu wako wote, nyumba inabaki na nani? Wa Sur wakazinduka. Wakaja watatu, mbele yao Nadhir peke yake. Shukriya hakufumba macho. Alikuwa ameshika nyuma ya kiti cha Hamda mpaka kucha zikaingia. Nadhir akatoka, akauzuia kwa pedi. Ukarudi, akauzuia tena. Wa tatu ukaingia. Ikawa moja kwa moja, kisha wa Sur wakaongeza la pili, kisha Ibra wakarudisha, na kila wa Ibra walipokwenda mbele, wa Sur waliwarudia mbio, na kila mara pale mwisho kijana amesimama na gongo lake.

Ndipo likaja lile shuti. Lilipigwa chini, likagonga kokoto, likapaa. Nadhir akaweka mkono mbele ya uso. Sauti ya pigo Shukriya aliisikia garini. Nadhir akapiga magoti, kakumbatia mkono wake tumboni.

Shukriya akafungua mlango. Mguu mmoja ulishafika chini. Hamda akamshika buibui kwa nyuma.

"Mwache. Baba yake yuko pale."

Sleyum alikuwa ameshafika. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akautazama mkono. Vidole viwili vimekwenda upande ambao vidole haviendi. Kipa wa akiba hawakuwa naye. Shukriya akaona midomo ya mumewe inasema kitu, akaona mwanawe anatikisa kichwa, hapana. Sleyum akageuka kutazama gari. Alikuwa mbali, lakini Shukriya alijua anatazamwa yeye. Akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango.

Sleyum akavua kilemba chake, akakichana, akaufunga mkono wa mwanawe. Mchezo ukaendelea.

Walifungwa tatu kwa mbili. Goli la mwisho liliingia watu wakishaanza kuinuka. Marzouq akasimama, akapita bila kumpa mtu mkono, na kiti chake kikachukuliwa nyuma yake. Watu wa Ibra hawakutukana. Walisimama tu palepale, kama watu waliofika msibani wamechelewa.

Nadhir alipita kwenye gari, vumbi usoni, kitambaa cha kilemba kimelowa damu.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona, baba. Nimekuona."

*

Alhamisi akaja dereva wa Marzouq. Hakuingia ndani. Alisema raisi anasalimia na anataka nyumba mwisho wa mwezi, kuna mudarrib Mmisri anakuja. Alisema huku anatazama matairi ya gari lake, na Shukriya akamwonea huruma, maana si kazi ya mtu hiyo.

Wakaanza kufunga vyombo. Sleyum alikuwa anaviringisha mazulia, anayafunga, kisha anakumbuka kuwa watayakalia, anayafungua. Bi Tamima ndiye aliyesema kwa wote. "Maskati kuna joto. Na yule binti yangu wali wake unashikana kama uji."

Ijumaa Shukriya akaamua kupika chakula cha haki, liwalo liwe. Nazi mbili zilizobaki, za kutoka soko la Mutrah, Maskati, akazikuna zote. Wali wa nazi, mchuzi wa jodari, achari ya ndimu. Wanaume wakatoka msikitini, sinia likapakuliwa, Sleyum akanawa mikono, na hapo geti likagongwa.

Khalaf. Na mzee Thabit, na wale watatu, na nyuma yao wengine ambao hawakuja mara ya kwanza, mpaka viatu vikajaa mlangoni. Sleyum akatoa salamu, wakaulizana hali kama kawaida, wazima, wazima, hakuna ila kheri. Nadhir, mkono kwenye plasta, akamimina kahawa kwa mkono wa kushoto, anaomba radhi kwa kila mmoja.

Khalaf akapokea kikombe. Akakiweka chini.

Thabit akakiweka chini. Na wote. Vikombe vikajaa zulia lote, moshi unapanda.

Safari hii Sleyum alijua. Akanyamaza. Akakaa na mikono juu ya magoti, anavitazama vile vikombe kama mtu anayetazama mpira unakuja na hajui utarukia wapi.

"Wali unapoa!" akasema Bi Tamima kutoka ndani.

"Haja yenu nini?" akauliza Sleyum mwisho. "Msinambie naijua. Siijui."

Khalaf akaingiza mkono kwenye mfuko wa dishdasha, akatoa kitu, akakiweka chini karibu na kikombe chake. Ufunguo mdogo wa shaba. Uso wake umemwiva.

"La kwanza hili," akasema. "Mimi nilifunga. Nisamehe."

"Kufuli lishakatwa," akasema Bi Tamima. "Ufunguo wa nini sasa?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"La pili," akasema Khalaf, "usihame. Sisi tulitaka uende mbele, ukaenda. Ulitoa neno ukalitimiza, na mtoto wako akavunjika kwa neno hilo. Baadaye Hamda katwambia kuwa hukujua hata kama umelitoa! Ungeweza kukataa, na wallahi tungecheka tu. Mtu kama huyo tumwache aondoke?"

"Na Marzouq?"

"Kwa Marzouq tumekwenda jana. Vikombe tumeviacha chini vimejaa. Hajasema tunywe. Keshokutwa tutakwenda tena."

"Na nyumba?"

Mzee Thabit ndiye aliyejibu. "Ipo ya kwangu, kule mji wa zamani. Ya udongo. Dari linataka kazi. Kodi hakuna."

Sleyum akanyamaza. Kahawa haitoi moshi tena. Alikuwa na mambo mengi ya kupima, na wewe ungepima: mshahara haupo, Mmisri yuko njiani, mkono wa mwanawe haujulikani utapona vipi. Na ukisema neno lile, umesema. Akageuza kichwa kulitazama pazia.

Pazia likafunguliwa. Shukriya alikuwa amesimama, ushungi umefungwa vizuri, mikono inanuka nazi. Akamtazama mwanawe aliyeshika dele kwa mkono wa kushoto, akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, akamtazama Khalaf zaidi kidogo kuliko wengine. Kisha akamtazama mumewe.

"Waambie wanywe," akasema.

Sleyum akavuta pumzi. "Kunyweni," akasema. "Kunyweni kahawa yenu."

Wakanywa, baridi vilevile.

Wakataka kuinuka, Bi Tamima akawapigia ukelele kuwa nani kawaruhusu, na watu wa Unguja wao nao wana desturi zao. Kilichopikwa kwa watu wanne kikapakuliwa kwa watu kumi na tano. Hamda akaja mbio na sufuria yake ya wali na mikate, akakaa ndani na wanawake. Shukriya akalifunga pazia juu kwa kamba ili lisirudi chini.

Watu wakajibana kuzunguka sinia. Nadhir alikuwa amekaa ameuweka ule mkono wa plasta mapajani, anaona haya kula kwa kushoto mbele za watu. Khalaf akamwona. Akamchambulia jodari, akatoa mwiba, akafinyanga tonge la wali kwa vidole vyake vinene vya kufungulia mabomba, akalinyanyua.

"Fungua mlango, ya kipa," akasema. "Goli linakuja."

Nadhir akacheka, akafungua mdomo. Ndipo Shukriya naye akakaa chini, akasema bismillahi, akanyoosha mkono siniani.